Kilo za Kaka Yangu

Mimi ni mtu wa maspika. Harusi, kipaimara, maulidi, mahafali, kampeni, kote naenda. Nimeweka kipaza sauti mbele ya kila aina ya mdomo uliopo Ifakara, na kwa uzoefu huo naweza kukuambia kwamba mtu anayeanza kwa kusema "nitaongea kwa kifupi" ndiye wa kumchomolea waya mapema.

Kwa hiyo nilipopigiwa simu kwamba kuna wageni wanakuja kukusanya maoni ya wananchi, wanataka spika mbili na kipaza sauti cha kuzungushwa ukumbini, nilikubali kabla sijauliza ni maoni ya nini. Nikaja kuuliza asubuhi yenyewe, nyaya nimeshafunga. Mgeni mmoja akanijibu, kwa ile sauti ya upole ya watu wa ofisini, kwamba ni maoni kuhusu adhabu ya kifo. Ibaki au iondolewe, na kama inabaki, itekelezwe kwa njia gani.

Nikamwambia hakuna shida. Mdomo wangu una tabia ya kujibu kabla yangu. Shida ilikuwepo. Kaka yangu, mtoto wa kwanza wa mama yangu, alikuwa anamaliza mwaka wa tisa gerezani akisubiri kunyongwa.

Kaka aliua. Sitasema alituhumiwa, wala sitasema kwamba mambo yalitokea, kama vile mambo yana miguu. Alimuua jirani yetu wa shamba kule Idete, mtu aliyekuwa rafiki yake, mtu waliyekula naye perege kwenye sahani moja tangu wakiwa wadogo. Waligombania maji ya mfereji. Msimu ule maji yalikuwa machache, tukawa tunapeana zamu za kuyaelekeza kwenye majaruba ya mpunga, na mtu asipolinda zamu yake anakuta mwenzake ameshachepusha. Siku ile zamu ya kulinda ilikuwa yangu. Mimi nilikuwa Lumemo napiga muziki kwenye harusi, nikampigia kaka simu aende badala yangu. Naliandika hili mwenyewe ili lisije likaandikwa na mtu mwingine.

Kilichommaliza kaka mahakamani kilikuwa neno. Siku moja kabla, kwenye kibanda cha chai, mbele ya watu wanne, alisema: "Huyu akigusa tena maji yetu, nitamnyonga." Sasa bondeni kwetu hilo ni neno la kila siku. Mama anaahidi kumnyonga mtoto aliyemwaga uji. Mwalimu anaahidi kulinyonga darasa zima, na wiki inayofuata darasa lipo palepale na kelele zake. Hata baiskeli kwetu hatuiendeshi, tunainyonga, na Ifakara kuna baiskeli nyingi kuliko watu wenye akili. Wakili wa kaka alijitahidi kulieleza hilo. Jaji alikuwa mtu mwenye adabu, aliandika kila kitu. Lakini neno likishafika kwenye karatasi linakuwa halina sura ya aliyelisema, na mtu aliyetajwa alikuwa amekufa kweli. Kaka hakumnyonga, alimpiga mpini wa jembe mara moja kisogoni. Wa kunyongwa akawa yeye.

Wiki chache kabla ya mkutano ule, padre anayewatembelea wafungwa alimletea mama ujumbe. Kaka alikuwa anaomba tusiende tena kumwona. Padre akaongeza, kwa kusitasita, kwamba kaka hali chakula. Hajagoma, alisema, ila anaonja tu kisha anasogeza sahani, na amekwisha mwili. Mama alimshukuru, akampa kuku wa kuondoka naye, halafu akakaa mkekani hadi magharibi bila kusema neno. Ukimjua mama yangu, utajua kwamba huo ulikuwa msiba tosha. Mama hata akilala huwa anaongea.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo siku ninafunga nyaya. Mama hakualikwa mkutanoni, na mimi sikumwambia. Alisikia tangazo kanisani. Nikamwona anaingia na kitenge chake kipya na mkoba wa kwapani, akakaa mstari wa tatu, akanikazia macho kama mtu aliyemfuma mwanaye anaiba sukari.

Wageni walikuwa watatu, kila mmoja na kitambulisho kinachoning'inia shingoni kwa kamba. Kwa mada ya siku ile, kutundika kitu shingoni haikuwa busara sana, lakini mimi nilikodiwa kwa ajili ya sauti, si kwa ajili ya ushauri. Umeme ulikatika kabla hata ya sala ya ufunguzi. Nikawasha jenereta langu, na tangu hapo kila aliyeongea aliongea juu ya mngurumo.

Wa kwanza kunyoosha mkono alikuwa kijana wa bodaboda. "Mimi naona tusizungushane," akasema. "Mtu ameua, apigwe shaba tu, risasi moja. Fasta. Mambo ya kulishana miaka yote ya nini?"

Akapigiwa makofi na wenzake watatu waliokuja naye kwa ajili ya soda.

Akafuata mzee mmoja mwenye koti, ambaye huwa haachi mkutano wowote wa Ifakara, awe amealikwa au la. Yeye alisema nchi zilizoendelea zina kiti cha umeme, na sisi tusibaki nyuma. Ukumbi ulilipuka kwa kicheko kabla hajamaliza. Mama mmoja wa nyuma akapaza sauti bila hata kungoja kipaza sauti: "Umeme upi huo, baba? Si atakaa kwenye kiti tangu asubuhi anasubiri urudi? Itabidi tumletee na chakula cha mchana!" Mimi mwenyewe nilicheka. Mkono uliokuwa umeshika kipaza sauti ulitikisika, na spika zikapiga mluzi.

Nesi mstaafu akatetea sindano. Alieleza kwamba ni njia ya huruma, mtu analala kama anayefanyiwa upasuaji. Kisha, kwa sababu ni mkweli, akaanza kujikanusha mwenyewe. Mshipa wenyewe si kila mtu anao wa kuonekana, alisema. Kuna watu yeye aliwachoma mara sita, na hao walikuwa wanataka kupona. Bwana mmoja akamuuliza kama dawa yenyewe itakuwepo, au mfungwa ataandikiwa karatasi akainunue duka la nje. Nesi akasema hilo liko juu ya uwezo wake, akakaa.

Halafu akasimama mchinjaji wa ng'ombe, mtu mcha Mungu, ndevu zimechanwa vizuri. Yeye hoja yake ilikuwa kwamba kunyonga ni haramu. Kuku aliyenyongwa haliwi, akasema, mbuzi aliyenyongwa haliwi, sembuse binadamu.

"Kwani binadamu tunamla?" akauliza yule wa bodaboda.

Ikabidi mwenyekiti agonge meza. Mchinjaji alikasirika kwa haki kabisa. Alichotaka kusema, alieleza kicheko kilipopungua, ni kwamba hata mnyama ana haki ya kisu kikali na mkono wa haraka, na anayechinja anatakiwa ajue anachokifanya na ajue ni mbele ya nani anakifanya. "Nyinyi mnataka mtu afe bila aliyemuua kuonekana," akasema. "Mimi nikichinja, ng'ombe ananiona." Baada ya hapo waliocheka walikuwa wachache, na mimi nikaondoa kipaza sauti mdomoni kwake.

Nataka nieleweke hapa. Nilikuwa nazunguka ukumbini, namfikia mtu mmoja mmoja, naweka kile kidude chini ya kidevu chake, naye ananieleza kaka yangu auawe vipi. Nusu ya ukumbi walijua mimi ni nani. Hao ndio waliokuwa wanazungumza huku wanatazama viatu vyangu. Nusu nyingine hawakujua, na hao walinitazama usoni wakitafuta kuungwa mkono, nami nikawa naitikia kwa kichwa. Wote niliwaitikia. Shaba, ndiyo. Sindano, ndiyo. Mtu wa maspika hana upande.

Ndipo akasimama mzee wa Lumemo, askari magereza mstaafu, ambaye sasa analima mpunga. Yeye hakutaka kipaza sauti, sauti yake ya gwaride bado anayo.

"Niwasahihishe," akasema. "Kunyonga siyo kukaba, kama mnavyodhani. Ni hesabu. Mtu anapimwa uzito, anapimwa na urefu. Mzito anapewa kamba fupi, mwepesi anapewa ndefu. Kilo zikikosewa, kazi inaharibika."

"Inaharibikaje?" akauliza mgeni mmoja, kalamu mkononi.

"Inaharibika," akasema mzee. Akaongeza kwamba yeye mwenyewe hajawahi kuiona, alifundishwa tu chuoni, na kwamba nchini kwetu kamba hiyo haijatumika miaka mingi mno, ila kwenye vitabu ipo. Akakaa.

Hapo mama akanyoosha mkono.

Nilijifanya sikumuona. Mwenyekiti alimuona. "Mpelekee bibi pale kipaza sauti, fundi." Basi nikaenda, nikakiweka mbele ya mdomo wa mama yangu mzazi, na yeye akaninyang'anya akakishika mwenyewe.

"Shikamooni wakubwa, na wadogo hamjambo," akasema. "Mimi nina swali kwa huyu mzee. Na kama uzito haukai? Leo ana huu, kesho ana ule?"

"Anapimwa upya, mama."

"Na kesho kutwa ukiwa mwingine?"

Mzee akajikuna shingo. "Basi anapimwa upya tena. Haiwezekani bila vipimo kamili."

"Haiwezekani," mama akarudia, kwenye kipaza sauti, taratibu. Akakirudisha kwangu na kukaa, akafungua mkoba, akafunga mkoba. Nikajua amepata jambo, nikaogopa.

Wa mwisho alikuwa mwanamke wa mstari wa nyuma kabisa. Nilikuwa nimemwona tangu saa tatu na nilikuwa nimeupanga mzunguko wangu wote ili nisifike kwake. Alikuwa mjane wa yule jirani. Zamani nilimwita shemeji, na yeye aliniita shemeji, kwa sababu mumewe na kaka walikuwa kama ndugu. Tangu msiba hatujawahi kusalimiana. Tukikutana njiani Idete yeye anahamia ng'ambo ya mfereji.

Alikishika kipaza sauti bila kunigusa mkono.

"Mmecheka vizuri," akasema. "Mume wangu alipigwa mpini wa jembe. Siku ile hakuna aliyeitisha mkutano kuuliza mpini uwe wa mti gani ili asiumie sana."

Mgeni mwenye kalamu akafungua ukurasa mpya.

"Mwaka wa kwanza, aliyemuua ningemnyonga mimi kwa mikono hii, na wala nisingehitaji mizani," akaendelea. "Mwaka wa tatu nilitaka afe bila mimi kuambiwa. Sasa hivi sijui. Sasa hivi nina majaruba manne na mgongo mmoja, na mwanaume aliyekuwa anajua kuyalima amekufa, na mwingine aliyekuwa anajua kuyalima mmemfungia anakaa bure. Andikeni hivyo. Mkiwa na sehemu ya kuandika hivyo."

Akanirudishia. "Chukua kitu chako," akasema. Lilikuwa neno lake la kwanza kwangu kwa miaka tisa.

Wageni waliandika. Walipokuwa wanakunja makaratasi yao yule wa upole akanigeukia kwa heshima, nadhani ili asiache mtu, akasema: "Na wewe fundi? Una maoni?" Kipaza sauti kilikuwa mkononi mwangu, kimewaka. Watu wote wakanitazama, pamoja na wale wa kutazama viatu. Nikakisogeza mdomoni, nikasema: "Moja, mbili. Moja, mbili. Wa nyuma mnanisikia?"

Wakacheka sana. Mimi nina kipaji hicho. Kwa kweli nilikuwa na la kusema, na nilikosa ujasiri. Nilipokuwa nakunja nyaya nilijidharau kuliko nilivyowahi kujidharau kabla.

Mchana huohuo nikamkuta mama nyumbani anageuza mpunga juani, juu ya turubai. Mama alifanya biashara ya mchele maisha yake yote, na kama kuna kitu anakijua hapa duniani ni mizani. Anajua mnunuzi anayebonyeza kwa kidole, na anajua yule anayekuja na mizani yake mwenyewe iliyofundishwa uongo tangu ikiwa ndogo. Lumbesa, lile gunia linaloshindiliwa mpaka linafunguka mdomo na kushonewa kofia juu, yeye alilikataa kwa maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na wanunuzi walikuwa wanaipita nyumba yake.

"Mpunga ukiuloanisha unaongeza," akaniambia bila salamu. "Ukiuanika unapungua. Sivyo?"

"Ndivyo."

"Basi kaka yako ale mwezi mmoja, apungue mwezi mmoja. Ale, apungue. Wakipima leo, kesho kipimo ni cha uongo. Kamba gani watakata? Mzee mwenyewe amesema, mbele ya serikali, haiwezekani."

Nilifungua mdomo nimweleze kwamba vipimo huchukuliwa karibu na siku yenyewe, kwamba serikali haishindwi na kilo tatu, na kwamba nchi nzima hakuna anayemkatia kaka kamba leo. Halafu nikamwangalia. Alikuwa amesimama katikati ya turubai, miguu ina vumbi la pumba, anasubiri nimpinge. Wiki zote zile tangu padre aondoke sikuwa nimemwona amesimama wima namna ile.

"Tatizo," nikasema, "hataki kula."

"Ndiyo maana tunaenda," mama akasema.

"Amesema tusiende."

"Amesema. Nimesikia. Kwani hilo ni ombi lake la kwanza kukataliwa? Alitaka baiskeli akiwa darasa la pili, alipata?"

Tulienda baada ya mavuno, nilipopata kibali. Siku nzima ya basi, tukalala kwa ndugu, na asubuhi tukafika getini. Mama alikuwa amebeba mchele wa Idete aliouchagua punje kwa punje, kambale wa kukaushwa, na karanga zilizosagwa kwa ajili ya kuongeza kilo. Askari wa getini akaeleza kwa adabu kwamba chakula cha nje hakiruhusiwi kwa wafungwa wa upande ule. Mama akamuuliza kama anaogopa watashiba. Vikabaki getini, na simu yangu pia, na mkanda wangu, ambao mimi mwenyewe nilikuwa nimesahau kwamba mahali kama pale nao ni kamba. Niliingia kumwona kaka yangu nimeshika suruali.

Alikuja upande wa pili wa wavu, akakaa. Kaka alikuwa mtu wa kubeba gunia mgongoni huku anapiga mluzi. Aliyekaa pale alikuwa na shingo kama ya mtoto, na koo linapanda na kushuka hata kama hajameza kitu. Askari kijana alisimama pembeni, mikono nyuma.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Una kilo ngapi?"

Kaka akanitazama mimi. Nikatazama ukuta.

Mama akasogea kwenye wavu akamweleza mpango wote kwa kunong'ona. Kunong'ona kwa mama yangu ni kule kwa mtu aliyezoea kunong'ona sokoni, kwa hiyo askari alisikia kila neno, na akalazimika kukohoa mara mbili. Ale mwezi, apungue mwezi. Mpunga mbichi, mpunga mkavu. Mzee wa Lumemo, vipimo kamili, haiwezekani. Mimi nilisubiri kaka acheke. Kati yetu wawili yeye ndiye aliyekuwa mcheshi, mimi nilimwiga tu.

Hakucheka. "Mama," akasema, "huku usitaje mizani."

"Kwa nini nisitaje?"

"Wakati mwingine watu wa afya wanakuja kutupima. Kifua, presha, uzito. Ni kwa ajili ya kutibu tu. Lakini mizani ikipita mlangoni watu wazima wanatapika. Kuna mzee amekaa huku tangu mimi niko shule ya msingi, anajua kabisa ni ya hospitali, na bado anajikojolea. Kila mlango ukifunguliwa saa isiyo yake, ni hivyo. Gari likiingia, ni hivyo. Hakuna aliyenyongwa, mama, na kila siku tunanyongwa." Alisema hayo bila kupandisha sauti. "Wale watu wa maoni walikuja na huku. Wakatuuliza na sisi."

"Wewe ukasema nini?" nikauliza. Lilikuwa neno langu la kwanza.

"Nikawaambia kamba, sindano, risasi, yote kwangu sawa. Nikawaambia waseme siku tu. Wakaandika. Mmoja akaniambia siku si kazi yao." Akajipangusa mdomo kwa kiganja. "Basi kama hawana siku, nitaitafuta mwenyewe. Polepole. Ndiyo maana nilisema msije. Sikutaka mama anione hivi."

Nikaelewa, na nikaona mama naye ameelewa. Ile sahani iliyokuwa inasogezwa haikuwa ugonjwa. Nilikuwa na sentensi moja ya kumwambia kaka yangu, sentensi fupi kuhusu zamu ya maji, nimeibeba miaka tisa, na pale ndipo palikuwa mahali pake. Haikutoka. Badala yake machozi ndiyo yalitoka, na mkono mmoja ulikuwa umeshika suruali kwa hiyo niliyafuta vibaya.

Mama hakulia. Alijiweka sawa kwenye benchi kama anayengoja mnunuzi amalize kutaja masharti yake ya kipuuzi.

"Umemaliza?" akamuuliza.

"Nimemaliza, mama."

"Unataka siku. Siku nakupa mimi. Siku yako ni baada ya yangu."

"Mama..."

"Subiri niseme. Mimi sitamzika mtoto. Nimewazika wazazi, nimemzika baba yenu, inatosha. Mimi nikishazikwa, kesho yake wewe fanya unavyotaka. Kataa chakula, waombe kamba, shauri yako, sitakuwepo kukuuliza. Lakini si kabla. Nina miaka sabini na nne, presha ninayo, magoti sina. Si muda mrefu. Umeshindwa kunisubiri mimi mama yako?"

Askari akasema muda umebaki dakika moja, akasema kwa sauti ndogo, akitazama sakafu.

Kaka alimwangalia mama. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na mimi nikadhani analia, na alikuwa analia kweli, lakini katikati ya kilio kulikuwa na ile sauti yake ya zamani.

"Mama," akasema, "wewe mbona hufi leo wala kesho."

"Basi jipange," mama akasema. "Uanze na ugali wa leo."